Kufuli Tele, Ndani Umbea

Eti wataka programu yako isome anwani za MAC za majirani mtandaoni? Haya, taja kwanza wewe wa ukoo gani. Kwenye Linux unafungua /proc/net/arp, maandishi matupu. Jirani asiyejibu kaandikwa 00:00:00:00:00:00, nawe ukimwamini shauri yako. Hamia FreeBSD: faili hilo hulioni, unaita sysctl, unakabidhiwa furushi la baiti ulifumue mwenyewe. Kuna na ioctl ya Linux, inayokujibu kuhusu jirani mmoja mmoja, mradi IP yake unayo tayari! Na taabu yote hiyo ni ya kusoma jedwali la ARP, itifaki ya 1982 inayopokea jibu la yeyote bila kudai kitambulisho. Mlangoni kufuli tele, ndani umbea mtupu.