Kabla Hujajibu "Kwenu Wapi?"

Mgeni wa lugha hii, na wewe mtoto wa mjini uliyezaliwa nayo mdomoni, jihadharini na neno moja dogo: kwetu. Kwenye kamusi linapita kimya kimya. Mtaani lina meno.

Mgeni hupotea kwa kulitafutia umoja. Keshafundishwa kuwa "-angu" ni ya mmoja na "-etu" ni ya wengi, basi kwa kuwa yeye ni mseja asiye hata na paka, anajibu kwa kujiamini: "Kwangu ni Mbeya." Watu wanatazamana. Kwangu ni kile chumba cha kupanga chenye godoro lako na mtungi wako wa gesi. Mwenye nyumba akichoka nawe, mwisho wa mwezi unahama. Kwetu hakuna kodi wala notisi, na hata aliyezaliwa peke yake tumboni na duniani husema kwetu.

Mtoto wa mjini hupotea kwingine. Yeye hudhani "kwenu wapi?" ni swali la makazi. La makazi ni "unakaa wapi?" Wala si swali la kuzaliwa. Mimi nilizaliwa Temeke, meno ya utoto yaling'okea Temeke, na matusi yote ninayoyajua niliyaokota Temeke. Nikijibu "kwetu Temeke", muulizaji hunitazama kwa upole, kama anayesubiri mtoto amalize kukohoa, kisha: "Sawa. Lakini kwenu hasa?" Hiyo "hasa" ndiyo swali lenyewe. Jibu lake ni Rombo, Kilimanjaro, ambako giza likiingia siwezi kufika nyumba ya tatu bila kuongozwa na mtoto wa darasa la pili.

Ukitaka kujua "hasa" ina uzito gani, waulize Wakenya. Wakili S.M. Otieno alifariki Nairobi Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika kwenye shamba lao la Upper Matasia, karibu na Ngong. Ukoo wa Umira Kager ukasema mtu wao anazikwa kwao, Nyalgunga, Siaya, na wakafikishana mahakamani. Kijaluo kina neno "ot" kwa nyumba na "dala" kwa boma la asili, na kesi nzima ikawa kama imeingia katikati ya maneno hayo mawili. Mashahidi walipanda kizimbani, akiwemo profesa wa falsafa, Henry Odera Oruka, na akiwemo mchimba makaburi. Nchi ilifuatilia kama mpira. Otieno alizikwa Nyalgunga Mei 1987, baada ya miezi mitano ya kungoja mochwari. Alikuwa na nyumba Nairobi na shamba Ngong. Kwa ukoo, hakuna hata kimoja kilichokuwa "dala".

Kwetu sisi wa Kilimanjaro mambo hayo humalizwa na kihamba, shamba la migomba na kahawa lenye makaburi ya babu humo humo kati ya migomba. Ndiyo maana Desemba utawaona Wachaga wamejazana stendi ya Mbezi na mabegi na majiko, huku waliobaki Dar wakishangaa barabara nyeupe. Usidhani wanakwenda kupumzika. Ukifika kuna kipaimara, kuna mchango wa harusi ya mtu usiyemjua, kuna bati la shangazi limeng'olewa na upepo. Neno ni la wengi, na wadai pia ni wengi. Kikombe cha kwanza cha pombe ya mbege hakijaisha, baba mdogo anauliza: "Na wewe utajenga lini?" Ndiyo asili ya zile nyumba kubwa za vigae zinazolala wazi siku 355 kwa mwaka, popo wakijifanya wapangaji.

Jihadhari pia na mwanamke aliyeolewa, maana yeye ana kwetu mbili. Siku ya harusi mama mkwe humwambia, "Sasa hapa ndio kwenu." Ni maneno mazuri, na asiyaamini kabla ya ugomvi wa kwanza. Naye akisema "naenda kwetu" ameshika kimfuko, muulize atarudi lini. Akilisema ameshika begi kubwa, usiulize lini, tafuta mshenga.

Na ukisikia "huko kwenu ndivyo mnavyofanya?", tafadhali usitaje wilaya.

Kwa aliyechoka na haya yote lipo jibu moja la kujifichia: "Mimi wa hapahapa." Lina kasoro ndogo tu. Muulizaji atasogeza kiti karibu.