Mtoto Kwanza, Ada Kabla Yake

Januari 1907, daktari Maria Montessori alifungua shule ya Casa dei Bambini, yaani Nyumba ya Watoto, katika mtaa wa San Lorenzo, Roma. Wenye majengo walikuwa wamechoka: wazazi wakienda vibaruani, watoto wanabaki kuchafua kuta na ngazi. Kwa hiyo elimu hii ya kumweka mtoto katikati ilianza na watoto wa makabwela, tena kwa sababu ya rangi ya ukuta.

Leo jina la Montessori halina mwenyewe. Dar na Nairobi utalikuta kwenye geti lolote lenye sungura aliyevaa suruali. Uliza falsafa ya shule, utapewa kwanza karatasi ya ada, halafu orodha: sweta lenye nembo, rimu mbili, karatasi za chooni, ufagio. Ufagio ni wa dada wa usafi, ingawa Maria alitaka mtoto mwenyewe afagie.

Ule mnara wa Maria wa vipande 10 vya mbao vya rangi ya waridi, ambao mtoto hupaswa kuujenga na kuubomoa mpaka aridhike, umefungiwa kabatini. Hushushwa siku ya wazazi. Maria alizitupa zawadi na adhabu. Hapa mwanafunzi wa chekechea anavaa joho, anapigwa picha, na mama yake anataka kujua kwa nini amekuwa wa tatu.

“Kwetu mtoto ndiye anayechagua,” anasisitiza mwalimu mkuu, fimbo ikiwa juu ya meza. Ni kweli: anachagua kukaa, au kukaa kimya.