Namna ya Kukumbuka Setenta Muziki Ukishaanza

Mwongozo huu ni wa yule aliyetoka darasani Jumanne akiwa bingwa. Jumamosi akaingia ukumbini na viatu vinavyong'aa, akamwendea dada mmoja, akasema, "Dada, tucheze hii?" Dada akajibu, "Haya, kaka." Wakashikana mikono, tarumbeta zikalia, na kichwani mwa bwana yule pakabaki moja-mbili-tatu, tano-sita-saba, basi. Sasa anatazama dari, ambako hakuna staili hata moja iliyobandikwa. Wimbo una dakika tano na bado haujafika hata kiitikio cha kwanza.

Bwana huyu yumo katika kila ukumbi wa salsa, na mara nyingi ana bidii kuliko wenzake wote. Simu yake imejaa video za darasani. Majina ya staili anayataja harakaharaka bila kukosea. Kila akikwama Jumamosi, Jumanne anajifunza staili mbili zaidi, na Jumamosi inayofuata anakuwa na mengi zaidi ya kusahau. Tuanze kwa kumtua shehena hiyo.

Nitatumia salsa ya Kuba, ile ambayo Wakuba wenyewe huiita casino. Ilikua katika kumbi za Havana miaka ya 1950, na jina lake linatokana na klabu ya Casino Deportivo. Humo watu walizoea kucheza rueda, yaani duara: jozi zinajipanga kuzunguka, mmoja anaita jina la staili, wote wanaifanya kwa pamoja. Akiita "Dame", kila anayeongoza anamwacha mwenza wake na kumpokea wa jirani, na duara linaendelea bila kusimama. Kati ya jina kutajwa na mguu kuondoka kuna mapigo machache tu. Hakuna binadamu anayeweza kuifungua picha nzima ya staili kichwani, mwanzo hadi mwisho, katika muda huo. Anayeimudu rueda amehifadhi kitu kifupi zaidi: jina, mikono inavyoshikana, na mahali pa kumpeleka mwenza kwanza. Mengine yanafuata yenyewe.

Hapo ndipo pa kuanzia, ndugu yangu. Chukua staili tatu zinazowatoa wanafunzi jasho: Vacílala, Sombrero na Setenta. Kwa kuwa kila moja hufundishwa siku yake, unaamini ni mambo matatu. Ziangalie upya. Zote tatu unaweza kuzianzisha kutoka kwenye guapea, ile hatua ya msingi ambapo mnarudi nyuma kidogo kisha mnakutana viganja. Katika zote tatu mwenza wako anazunguka kuelekea kulia kwake. Zote tatu zinaishia kwenye dile que no, ule mpito unaomtoa mwenza upande wako wa kulia, ukampitisha mbele yako hadi kushoto, mkarudi kwenye guapea.

Tofauti iko mikononi, na inaamuliwa kabla staili haijaanza. Ukimwachia azunguke mwenyewe, hiyo ni Vacílala. Ukimshika kulia kwa kulia na kushoto kwa kushoto, mkono wa kulia ukiwa juu, mikono itapanda, ipite vichwani na kutua mabegani mwenu nyote wawili, nayo ni Sombrero. Ukiishika mikono yake miwili bila kuipishanisha, na ukaendelea kuishika anapozunguka, mkono wake wa kushoto utakunjika kuelekea mgongoni na mmeshaingia Setenta. Kwa hiyo wewe uliyelala na wasiwasi wa staili tatu ulikuwa na mzunguko mmoja na mishiko mitatu. Na mshiko unapangwa wakati bado mko kwenye guapea, mmetulia, hakuna aliyepinda kiuno wala aliyefungwa mkono. Huhitaji kukumbuka chochote katikati ya mwendo ikiwa uamuzi ulishaufanya mwanzoni.

Nunua daftari dogo. Usiandike staili kwa mpangilio wa tarehe ulizofundishwa. Mpangilio huo hautakusaidia sakafuni, maana hakuna wimbo unaojali kwamba staili ya Enchufla ulijifunza mwezi wa tatu. Panga kwa mshiko. Ukurasa mmoja uwe wa mkono wako wa kushoto ukiwa umeushika mkono wake wa kulia: Enchufla na ndugu zake wote watakaa humo. Ukurasa mwingine uwe wa mikono miwili isiyopishana. Mwingine wa mikono iliyopishana. Setenta Complicado iandike chini ya Setenta, kwa sababu ni Setenta iliyorefushwa, na mwanzo ukishaushika, urefu wake hautakutisha. Kando ya kila staili andika namna ya kutoka, maana wanaokwama sana hukwama kwenye kutoka: wamemfunga mwenza wa watu mkono mgongoni, wamesahau kinachofuata, wanabaki wakitabasamu.

Sasa ile simu. Sikukatazi kurekodi, mwalimu akikuruhusu. Ninachokukataza ni kuitazama video hiyo kitandani mara sita na kuita hayo mazoezi. Mwaka 2006 wanasaikolojia wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi matini za kusoma. Baadhi walizirudia kuzisoma, wengine walijaribu kuzikumbuka bila kuzitazama. Waliorudia kusoma ndio waliokuwa na uhakika zaidi kwamba watakumbuka. Baada ya wiki moja, waliojilazimisha kukumbuka ndio waliokumbuka zaidi. Basi, kesho yake asubuhi simama katikati ya chumba, simu ikiwa mbali, na ujaribu Setenta. Ukikwama, kaa hapohapo ulipokwama. Tafuta kwa mkono, tafuta kwa mguu. Ukishindwa kabisa ndipo ufungue video, uangalie kipande kile tu kilichopotea, uifunge, uanze upya.

Na usifanye Setenta mara ishirini mfululizo. Najua ndivyo darasani kunavyofanywa na ndivyo inavyopendeza, maana ile ya ishirini huwa tamu kweli. Mwaka 1979 John Shea na Robyn Morgan waliwafundisha watu miendo kadhaa ya mkono ya kuangusha vizuizi vidogo kwa mpangilio maalumu. Kundi moja lilimaliza mwendo mmoja kabla ya kuhamia mwingine. Kundi la pili lilichanganya. Wakati wa mazoezi waliochanganya walionekana dhaifu. Walipopimwa baada ya siku kadhaa, wao ndio waliofanya vizuri zaidi. Fanya hivyohivyo: Setenta mara moja, Enchufla, Sombrero, Vacílala, kisha urudi kwenye Setenta. Utakosea na utaudhika. Endelea, kwa sababu Jumamosi hakuna atakayekuomba Setenta ishirini za mfululizo. Utahitaji moja, itokee baada ya jambo jingine kabisa.

Kama huna wa kufanya naye mazoezi, kitasa cha mlango kitakufaa kwa staili za mkono mmoja. Kinakaa kimo kizuri, hakichoki na hakikanyagiki. Waarifu wa nyumbani kwanza. Ukiwa kwenye daladala au matatu, fanya staili kwa vidole na mabega tu, kidogokidogo, huku miguu imetulia. Wacheza dansi wa jukwaani hufanya hivyo miaka yote, na mwaka 2013 watafiti wakiongozwa na Edward Warburton walionyesha kwamba wacheza dansi waliofanya sehemu ya mazoezi kwa kupunguza mwendo hivyo walikuja kuzicheza hatua zao vizuri kuliko walipofanya mazoezi yote kwa nguvu kamili. Abiria wa jirani atakutazama. Mwache atazame.

Wapo wanaoniambia, "Mimi sina kumbukumbu kabisa." Hao ninawaeleza habari za Henry Molaison, Mmarekani aliyefanyiwa upasuaji wa ubongo mwaka 1953 na kuanzia hapo akawa hawezi kuhifadhi matukio mapya. Mwanasaikolojia Brenda Milner alimpa kazi ya kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo tu. Siku baada ya siku mchoro ukawa bora, ilhali Molaison mwenyewe hakukumbuka kwamba amewahi kuufanya. Mwili una daftari lake. Kwa hiyo mguu ukiondoka kabla hujajua kwa nini, uache uondoke. Wengi wanaharibu Enchufla nzuri kabisa kwa kusimama katikati na kujiuliza kama ni Enchufla.

Kwa dada au kaka anayefuata, hapa mambo ni tofauti, na ninaomba yasikilizwe kwa makini kwa sababu madarasa mengi yanalisahau hili. Wewe usikariri staili. Ukiikariri Setenta, utaikimbilia kabla hujaletwa, na anayekuongoza atalazimika kukufuata wewe. Kazi yako ni ngumu kuliko yake: hesabu isikatike, uzito ujulikane uko mguu gani, mkono uwe na uhai bila kuwa mgumu, na hatua imalizike hata kama mwenzako amepotea. Fanya mazoezi ya kuzunguka kulia na kushoto peke yako hadi upate wima wako mwenyewe, usimtegemee mtu akushikilie. Na mtu akikupeleka mkono mahali panapouma, utoe. Huna haja ya kuomba radhi.

Hapo lazima nikae kidogo na wanaoongoza. Setenta na zile zote zinazokunja mkono mgongoni zinaweza kuumiza bega. Mkono wa chini ubaki chini, usawa wa kiuno. Vidole vyako viwe ndoano tu, gumba lisibane. Ukihisi ugumu wowote, achia. Staili ikiachiwa inageuka kuwa Vacílala na hakuna aliyepoteza kitu. Anayemkunja mtu kwa nguvu ili tu staili aliyoilipia ada ikamilike amesahau kwamba mbele yake yuko mtu. Ninalisema hili bila kulipamba kwa sababu nimewaona dada wakirudi kwenye viti vyao wakishika bega.

Tuje ukumbini. Kabla ya kumwomba mtu mcheze, chagua staili tatu za usiku huo. Tatu zinatosha sana ukizijua vizuri na ukajua kuzitoka. Wimbo wa kwanza, anza na guapea ndefu isiyo na haraka. Humjui mwenzako bado: anapenda karibu au mbali, anaisikia moja iko wapi, ana furaha au amechoka. Hayo ndiyo ya kukumbuka kwanza.

Kisha usikilize wimbo, kwa sababu wimbo wenyewe unakumbusha. Salsa nyingi zina sehemu ya mwanzo ambapo mwimbaji anasimulia, halafu unaingia montuno, sehemu ya waitikiaji kujibizana na mwimbaji na vyombo kupamba moto. Wapenzi wa muziki wa dansi hapa kwetu wanaujua mpango huu hata bila mwalimu, maana ndio huo wa ubeti kisha chemko. Undugu huo una historia. Kuanzia miaka ya 1930 sahani za santuri za mfululizo wa GV zilibeba muziki wa Kuba hadi Kongo na kuzaa rumba ya huko, na Morogoro marehemu Salum Abdallah aliipa bendi yake jina la Cuban Marimba. Nenda kawatazame wazee wakicheza rumba kwa bendi yenye nyimbo za Sikinde au Msondo. Wana hatua chache, na usiku mzima haziwaishii. Mwimbaji akiimba, wanatembea pamoja taratibu. Gitaa likichomoka, wanafunguka, mzee anamzungusha mama mara moja, wanarudiana. Hawaulizani nini kinafuata.

Igawe salsa yako hivyohivyo. Kwenye ubeti, guapea, Enchufla, dile que no. Montuno ukiingia, Setenta yako itoke. Ukifanya hivyo Jumamosi kadhaa, waitikiaji watakapoanza tu mikono yako itakuwa imeshashika mshiko wa Setenta, na dari hutaliangalia tena.

Ikitokea kichwa kimekauka kabisa, na hutokea hata kwa walimu, rudi kwenye guapea na uicheze vizuri: magoti yamelegea, kifua kimefunguka, macho kwa mwenza. Usimwambie "subiri nikumbuke." Usianze kumfundisha yeye, makosa ya anayeongoza hayatibiwi kwa kumsahihisha anayefuata, na sakafuni si darasani. Cheza mapigo nane, cheza mengine nane. Shika mkono mmoja, mpitishe kwenye Enchufla. Wimbo ukiisha, mshukuru, msindikize hadi alipokuwa ameketi.

Ukifika nyumbani, kabla ya kulala, fungua daftari na utie alama kwenye staili zilizotoka zenyewe, na alama nyingine kwenye zile ulizoziita zikakataa. Hizo zilizokataa ndizo somo lako la Jumanne. Mwalimu akileta staili mpya, ifanye darasani kwa furaha pamoja na wenzako, lakini usiipe ukurasa hadi mojawapo ya zile zilizokataa iwe imetoka Jumamosi bila kuitwa.