Sifa za Pinzgauer, Gari la Baridi

Pinzgauer ni gari la kijeshi lililoanza kutengenezwa mjini Graz, Austria, mwaka 1971. Lipo la magurudumu manne, liitwalo 710, na la magurudumu sita, 712. Yote mawili yana umbo la kasha, na yote mawili humfikisha mtu kokote atakako, ila si saa atakayo. Jina limetoka Pinzgau, wilaya ya milimani katika jimbo la Salzburg inayosifika kwa ng'ombe na farasi wa kazi. Mtangulizi wake wa mwaka 1959, Haflinger, naye alibeba jina la farasi. Hayakuwa majina ya bure. Farasi wa shamba hula sana, hana mbio, hunuka, wala haulizi kama aliyempanda amekaa vizuri. Gari hili limemrithi kwa yote manne.

Kiongozi wa wabunifu wake, Erich Ledwinka, alikuwa mwana wa Hans Ledwinka wa kampuni ya magari ya Tatra, na mtoto wa nyoka ni nyoka. Kama magari ya baba, Pinzgauer haina fremu ya chesisi iliyozoeleka bali bomba moja nene katikati, mfano wa uti wa mgongo, na propela huzungukia humo ndani, salama na mawe. Kila gurudumu hupanda na kushuka na nusu ekseli yake, na kwenye ncha ya ekseli kuna gia zinazoliinua tumbo la gari hadi sentimita 33 hivi kutoka ardhini. Ni uhandisi wa heshima. Heshima hiyo iliishia chini ya sakafu. Juu yake kuna mabati, turubai na mabenchi mawili yanayotazamana, kama zile chai maharage zilizobeba watu Dar es Salaam, ambamo abiria alikaa akikodoleana macho na mwenziwe hadi mwisho wa safari. Kwa mpango huo 712 huchukua watu 14. Askari ndio waliokubali kupandishwa hivyo, nao hawakuulizwa.

Jeshi la Uswisi lilikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa. Lilizitunza gari hizo miaka na miaka, kisha likaanza kuzipiga mnada, ukiwemo mnada wa Thun, na hapo zikaingia mikononi mwa raia. Mnunuzi huwa mtu mzima mwenye akili timamu na gari jingine nyumbani, lenye hita na redio. Akishaosha mkweche wake na kuupaka grisi, hupatwa na wazo la kuupeleka Nordkapp, kaskazini ya mbali ya Norwei, mwezi Februari: kiasi cha kilomita 3,500 kwenda kutoka Uswisi, na zile zile kurudi.

Kwa safari kama hiyo, fadhila ya kwanza ya Pinzgauer ni injini yake. Ina silinda nne, lita 2.5, kabureta mbili na nguvu za farasi 87, na hupozwa kwa hewa. Haina rejeta, haina maji, haina mpira wa kupasuka. Usiku wa nyuzi 30 chini ya sifuri hauna cha kugandisha humo. Lipo jambo dogo tu la kuongeza. Magari mengine hupasha watu joto kwa kuyapitisha maji ya moto ya injini kwenye hita, na pasipo maji hakuna cha kupitisha. Badala yake hutiwa hita ndogo ya petroli, ambayo kwa kweli ni jiko lenye feni. Ikiwashwa hubofya, hunyamaza, hubofya tena, hutoa moshi mweupe kando ya gari, na ndani harufu ya petroli hutangulia joto kwa dakika kadhaa. Siku ikiamka vizuri, upepo wa uvuguvugu hufika magotini. Kutoka magotini kwenda juu kila mtu na koti lake. Siku nyingine hubofya tu.

Baridi hiyo huleta starehe ambayo magari ya kisasa yameinyima dunia, nayo ni theluji ya ndani. Pumzi ya dereva na ya utingo hupanda kwenye kioo cha mbele na kuganda papo hapo, kwanza kama ukungu, halafu kama maua, halafu kama ukuta. Kifaa cha kukwangulia barafu, ambacho madereva wengine hukitumia nje asubuhi, humu hutumika ndani mchana kutwa. Kazi ni ya utingo. Hukwangua upana wa kiganja mbele ya macho ya dereva, chenga nyeupe zikidondoka mapajani mwa wote wawili, na kabla hajamaliza upande mmoja, ule wa kwanza umeshaanza kufunga. Kwa namna hiyo utingo hapati nafasi ya kusinzia, na ni nadra kusikia ajali iliyosababishwa na utingo aliyekesha akikwangua.

Fadhila ya pili ni asubuhi. Petroli haishikani kwa baridi kama dizeli, ambayo nta yake huziba chujio. Lakini oili ya injini hugeuka uji mzito, na betri hupoteza sehemu kubwa ya nguvu wakati ule ule starta inapodai nguvu zaidi. Betri iliyojaa haigandi kwa baridi ya kawaida ya kaskazini, iliyoisha huganda nyuzi chache tu chini ya sifuri na kupasuka. Umeme wa gari hili ni wa volti 24, maana yake betri ni mbili, na zote mbili ni nzito. Msafiri mwangalifu huzifungua usiku, huzipandisha ngazi za nyumba ya wageni moja moja, na kulala nazo chumbani. Ipo pia nguzo ya umeme kwenye maegesho, kama ilivyo desturi ya kaskazini mwa Uswidi, ambako kila gari huchomekwa waya usiku ili maji ya injini yasipoe. Majirani huchomeka na kwenda kulala. Mwenye Pinzgauer huitazama nguzo kwa muda, hukumbuka kwamba hana maji, na huenda kufungua betri ya pili.

Kelele nazo zina sifa yake. Injini iko ndani ya chumba cha dereva, kati ya viti viwili, chini ya kifuniko cha bati. Ikifika mwendo wa safari, mazungumzo hukoma na ishara za mikono huanza: kidole kwenye kioo ni kukwangua, kiganja tumboni ni njaa, mkono shingoni ni kile kile kilichokuwa kikisemwa tangu Hamburg. Watu ambao wangegombana mapema sana hufika Uswidi wakiwa bado marafiki, kwa kuwa hakuna aliyesikia lolote.

Mwendo wenyewe ni kati ya kilomita 70 na 80 kwa saa. Katika barabara kuu za Ujerumani, malori ya tani 40 hulipita gari hili yakiliachia tope la chumvi kwenye kioo. Hesabu ni rahisi: kilomita 3,500 kwa mwendo wa 70 ni saa 50 za usukani. Mafuta ni lita 20 hivi kwa kila kilomita 100, yaani lita 700 kwa kwenda tu, mbali na zinazonywewa na hita inapokubali. Mtu hawezi kuvuka Ulaya kwa namna hii bila kuwafahamu wauza mafuta wake, na vituo hivyo vina joto.

Kuanzia Jokkmokk, Uswidi, kaskazini kidogo ya mstari wa Aktiki, polepole hiyo hiyo hugeuka hekima. Mji huo una soko la Februari lililoanza mwaka 1605, na jirani yake ni ardhi ambamo Wasami huchunga kulungu wa kaskazini. Kulungu hao hupenda barabara kwa sababu imekwanguliwa theluji. Husimama katikati, hutazama taa, wala hawaondoki kwa honi. Dereva wa gari la kasi huwa na sekunde chache za kuamua. Dereva wa Pinzgauer huwa na muda wa kumgusa utingo bega amwonyeshe.

Hapa utani lazima upungue. Theluji ikishajaa barabarani na kufika kwenye ekseli, gari hili halina wapinzani wengi kati ya yanayoendeshwa na raia. Difu hufungwa kwa vijiti vilivyo karibu na dereva, gari likiwa linatembea, bila kushuka na bila kusimama. Taa ndogo huwaka, matairi yote hushika pamoja, na kasha lile hupanda rundo la theluji kwa utulivu wa ng'ombe anayeingia zizini. Magari yenye viti vya kupashwa joto huwa mtaroni, pua chini. Wenye magari hayo husimama kando na shati na koti jepesi, na wao hulisikia gari la ukombozi mapema, lingali mbali. Wakishavutwa hushukuru sana. Wachache huomba kupanda; wakichungulia ndani hukumbuka kwamba wana haraka.

Kisiwa cha Magerøya, chenye Nordkapp, huunganishwa na bara kwa njia iliyochimbwa chini ya bahari na kufunguliwa mwaka 1999, yenye urefu wa karibu kilomita 7 na kina kinachozidi mita 200 chini ya usawa wa bahari. Kushuka ni raha. Kupanda upande wa pili ni gia ya chini, moshi na mwangwi. Kilomita za mwisho, kuanzia njia panda ya Skarsvåg, wakati wa baridi haziruhusiwi kuendeshwa ovyo: magari hukusanyika kwa saa maalumu na kufuatana nyuma ya gari la kuondoa theluji. Kwa mara ya kwanza tangu Uswisi, Pinzgauer huenda sawa na wenzake wote. Huko mwisho kuna jabali la mita 307, tufe la chuma, upepo, na bahari isiyoonekana kwa theluji. Wasafiri hukaa dakika chache, kisha hurudi kwenye foleni.

Chumvi ya barabara za kusini huanza kazi yake njiani na kuimaliza nyumbani. Kutu hujitokeza kwanza kwenye maungio ya mabati, halafu popote. Betri hurudishwa mahali pake. Siku moja ya Aprili yenye jua, mwenye gari akitafuta kitu kingine kabisa, hugusa swichi ya hita kwa bahati mbaya. Huwaka kwa mbofyo mmoja.