Inchi Nne za Sifa

Katika jiji la Nakuru na viunga vyake, kuanzia Bahati hata Molo, hakuna elimu ambayo kila mwanamume hujiona mwanachuoni wake kama ile ya kimo cha pikapu. Na shemeji yangu, aliyenunua Hilux ya zamani ili ateremshe viazi kutoka Mau Narok hadi soko la Wakulima, alipokwisha kutaka shauri kwa kinyozi, kwa muuza mitumba na kwa shemasi wa kanisa lake, aliazimia kuiinua inchi nne.

Fundi, mtu wa maneno machache na grisi nyingi, alimnasihi kwa taadhima: "Mzee, inchi mbili ni za njia, nne ni za sifa." Asisikilizwe. Basi akatia vipande vya chuma baina ya ekseli na majani ya springi za nyuma, akavifunga kwa yuboliti ndefu. Na mbele, ambako Hilux za siku zile hubebwa na fimbo ya chuma inayosokoteka, akakaza boliti mpaka pua ya gari ikaelekea mbinguni. Kukaza huko, jambo ambalo wanachuoni wa kinyozi aghalabu hawalijui, huinua gari tu wala hakuizidishii fimbo nguvu hata chembe, bali hulipunguzia gurudumu nafasi ya kushuka liingiapo shimoni, na deni hilo hulipwa na kiuno cha abiria. Fauka ya hayo, iko vali nyuma ambayo huipimia breki mzigo kwa kutazama bodi imeinama kiasi gani. Isiporekebishwa, hudhani gari ni tupu hali magunia yamefika paani.

Taa nazo zikawa za kumulika ndege. Kwetu dereva humwashia mwenzake taa kumjulisha kwamba mbele kuna askari wa trafiki, kwa hiyo shemeji, akiwashiwa na kila lori na kila matatu tangu Mau Narok hata Njoro, alifunga mkanda, akazima redio, akatoa leseni akaishika menoni, akaenda mwendo wa jeneza huku akiwashukuru madereva wote kwa honi. Askari hatukumwona abadani.

Wa kwanza kugoma walikuwa mahamali wa soko, walioitazama ile pikapu, wakalitazama gunia la kilo 50, wakatangaza nauli mpya ya ghorofani. Lakini aliyekata shauri ni shangazi yangu, ambaye kwa shemeji ni mkwe wa kuogopwa, siku tuliyompeleka Molo kwenye posa. Adabu haikumruhusu shemeji kumsukuma mkwewe, wala kumvuta, wala hata kutazama. Akasimama akiukagua mlima Menengai kana kwamba ameagizwa kuupima, nami nikaleta kreti ya soda. Shangazi akapanda, kreti ikalia, akashuka, akakunja leso yake, akauliza kwa upole: "Mwanangu, umenunua gari ama dari?"

Kesho yake tulikuwa kwa fundi alfajiri. Akadai kwa kushusha ujira uleule wa kupandisha, akalipwa bila mjadala. Shemeji alipouliza kama aweza kuondoka na vile vyuma vyake, madhali alivinunua, fundi akamwambia kwa haya kidogo kwamba vimekwisha kuuzwa, kwa yule kijana mwenye D-Max aliyesimama getini, akingoja tutoe gari.