Sifa za Marehemu Sheria ya Dola 600

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na ndiyo sababu nimesubiri mpaka huyu ninayemsifu azikwe. Tarehe 1 Agosti 2025, huko Marekani, ilikoma rasmi sheria moja ya michezo ya vyuo ambayo enzi za uhai wake haikutungiwa hata ubeti mmoja. Mashabiki walishangilia, wanasheria wakapongezana, na sikusikia aliyetoa hata rambirambi. Mimi nasema ameondoka mtu mkubwa, na kwa kuwa matanga yake hayana watu, naomba nafasi ya kusema machache.

Kwa wasiomjua: Kanada ina ligi tatu kubwa za vijana za hoki ya barafuni. Ipo OHL ya Ontario, ipo WHL ya magharibi, na ipo QMJHL ya Quebec na majimbo ya mashariki, zote chini ya mwavuli unaoitwa CHL. Klabu zake ni takribani 60, chache kati ya hizo zikiwa upande wa Marekani, na wachezaji wengi wana umri wa miaka 16 hadi 20. Kijana akisajiliwa huaga kwao, hupangiwa chumba katika nyumba ya familia asiyoijua, huenda shule asubuhi na mazoezini mchana, na usiku mwingi wa majira ya baridi humkuta ndani ya basi, akisafiri saa kadhaa kwenda kugongwa mabega kwenye mji mwingine. Kwa taabu hiyo yote alipewa posho isiyozidi dola 600 kwa mwezi.

NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, kilimtazama kijana huyo, kikaona ana nauli mfukoni, kikatamka: huyu ni mchezaji wa kulipwa. Asikanyage barafu ya chuo chetu.

Wachumi wamesumbuka miaka mingi kutafuta mstari unaotenganisha tajiri na maskini. Marehemu aliupata bila jasho. Tena hakuhitaji kijana apokee hizo dola zenyewe. Hoja yake ilikuwa kwamba ndani ya ligi hizo wamo wachache waliokwisha kutia saini mikataba na klabu za NHL, ligi kuu ya kulipwa ya mchezo huo, kisha wakarudishwa kwa vijana wenzao wakomae. Basi utajiri wao ukawa kama surua: ukikaa nao benchi moja, umeupata. Kijana mmoja wa Fort Erie, Ontario, aliambukizwa mwaka 2022 akiwa na miaka 16. Alichezea klabu ya Windsor mechi mbili. Mechi za kirafiki. Njia yake ya kwenda kuchezea chuo ikafungwa hapo hapo, kabla hajamaliza hata sekondari. Daktari gani wa leo anaweza kugundua ugonjwa mapema kiasi hicho?

Lakini marehemu hakuwa katili. Aliruhusu klabu ya CHL imwalike kijana kambini, imlaze, imlishe, imtazame akiteleza, almradi asicheze mechi na yote hayo yasizidi saa 48. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sijui kama waandishi wa kanuni za NCAA waliwahi kufika Pangani au Lamu kujifunza hilo, ila hesabu yao ni ile ile kwa dakika: siku mbili ni mgeni wa heshima, ya tatu ikianza amekuwa kibarua. Tofauti ni kwamba kwetu mwenye jembe huruhusiwa kubadilisha shamba.

Wako wanaomsingizia marehemu kwamba alichukia fedha. Huo ni uzushi. Alichukia fedha ndogo tu, na hilo ni jambo la heshima kabisa. Mwaka 2016 mwogeleaji Joseph Schooling wa Chuo Kikuu cha Texas alimshinda Michael Phelps kwenye Olimpiki ya Rio, na nchi yake, Singapore, ikamzawadia dola za Marekani zipatazo 740,000. NCAA ilimruhusu azichukue na arudi bwawani kuogelea kwa ridhaa. Chris Weinke alitumia miaka sita katika besiboli ya kulipwa chini ya klabu ya Toronto, kisha akaingia chuo cha Florida State kucheza futiboli ya Kimarekani, na mwaka 2000, akiwa na miaka 28, akatwaa tuzo ya Heisman, kubwa kuliko zote za mchezo huo vyuoni. Alikuwa wa kulipwa mchezo mmoja, wa ridhaa mchezo mwingine, na hakuna kanuni iliyovunjika. Hata ndani ya hoki yenyewe, siku klabu za NHL zinapogawana vijana kwa zamu, mvulana aliyechaguliwa na klabu yenye thamani ya mamia ya mamilioni aliweza kwenda kuichezea timu ya chuo huku klabu hiyo ikishikilia haki zake. Huyo alibaki msafi. Mchafu ni yule wa mechi mbili za kirafiki.

Ukoo wake nao usisahaulike, kwani mtu husifiwa pamoja na wazee wake. Walter Byers, aliyekiongoza NCAA kuanzia 1951 hadi 1988, ndiye aliyesambaza jina la mwanafunzi-mwanariadha. Lilibuniwa katika miaka ya 1950 ili mchezaji aliyevunjika mguu uwanjani asije akadai fidia kama mfanyakazi. Binamu wa marehemu alikuwa ile kanuni ya vitafunio iliyokiruhusu chuo kimpe mchezaji mkate wa mviringo wenye tundu katikati, ila si jibini laini ya kupaka, maana mkate mkavu ni kitafunio na mkate uliopakwa ni mlo. Binamu huyo alifariki mapema. Msiba ule pia sikuhudhuria, na najuta, kwa sababu ilikuwa familia yenye akili sana.

Na alikuwa mgumu wa kufa. Mwaka 1973 wanafunzi wawili wa Kikanada wa Chuo Kikuu cha Boston walimpeleka mahakamani. Kosa lao lilikuwa kwamba kabla ya chuo klabu zao za vijana ziliwalipia chumba, chakula na masomo. Kijana wa Kimarekani aliyepewa mambo yayo hayo na shule yake ya bweni hakuwa na kosa lolote. Jaji akaona ubaguzi dhidi ya wageni, akaamuru waachwe wacheze. Karibu na wakati huo Chuo Kikuu cha Howard, chuo cha Weusi jijini Washington, kilikuwa kimenyang'anywa ubingwa wa soka wa 1971, timu yake ikiwa imejaa vijana wa Karibea na Afrika. Miongoni mwa mashtaka ilikuwamo kanuni iliyohesabu miaka ya mpira aliyocheza mgeni kwao, baada ya kutimiza miaka 19, kuwa ni miaka aliyokwisha kuitumia chuoni. Mwenyeji hakuhesabiwa hivyo. Mahakama iliitupa kanuni hiyo, kombe halikurudishwa. Ndugu wa marehemu waliangushwa mmoja mmoja, yeye akaishi nusu karne zaidi.

Siri ya maisha marefu namna hiyo ni kwamba alipendwa na pande zote mbili, na hapa naacha utani kidogo. Tunaambiwa vyuo vya Marekani na ligi za Kanada vilikuwa mahasimu. Tazama walivyoishi. Klabu ya CHL ilikuwa na uhakika kwamba kijana akishavaa jezi yake hana tena pa kwenda: vyuo vimefungwa kwake, kwa hiyo dola 600 na ahadi ya kulipiwa masomo kila msimu atakaocheza vitamtosha. Chuo nacho kilikuwa na uhakika kwamba anayetaka darasa na barafu kwa pamoja hatakuja na ofa ya Kanada mkononi ya kumpandishia bei. Kila mmoja alibaki na kundi lake, na hakuna aliyelazimika kuongeza senti. Wafanyabiashara wakikaa mezani na kukubaliana hivyo huitwa mahakamani kwa kuua ushindani. Hawa hawakuhitaji meza. Walikuwa na kanuni ya usafi wa michezo, na aliyelipa gharama ya usafi huo ni mvulana wa miaka 15 au 16 aliyetakiwa kuchagua upande mmoja wa mpaka na kutogeuka nyuma.

Alimsaidiaje kuchagua? Alimruzuku mshauri wa familia. Wakala hakuruhusiwa, kwa kuwa wakala alikuwa wa wachezaji wa kulipwa. Mshauri aliruhusiwa. Mshauri huyo alikuja nyumbani, akanywa kahawa na mama, akazungumza na makocha, akaieleza familia ligi ipi ifuatwe na ipi ikwepwe, wala hakudai malipo. Siku kijana alipotia saini NHL, mshauri yule yule, kwa bahati tu, aligeuka kuwa wakala wake na kuanza kukata asilimia. Nani mwingine katika historia ya kanuni amewahi kuwafundisha watu subira ya aina hii?

Agosti 2024 wakili alifungua kesi mjini Buffalo, New York, kwa jina la yule kijana wa mechi mbili na kwa niaba ya wengine waliofungiwa kama yeye. Ilidai kwamba kuwasusia wachezaji wa CHL ni kula njama dhidi ya ushindani. Marehemu, aliyewahi kukabiliana na mahakama bila kutetereka, safari hii hakusubiri hukumu. Tarehe 7 Novemba 2024 baraza la Daraja la Kwanza la NCAA lilipiga kura: kuanzia Agosti 1 inayofuata, mchezaji wa CHL ataruhusiwa, mradi hakulipwa zaidi ya gharama zake halisi na za lazima. Hekima ya miongo mingi iliondolewa kwa kikao kimoja.

Na dunia iliyomfuata ndiyo hii. Julai 2025 Gavin McKenna, mvulana wa Whitehorse, Yukon, aliyekuwa nyota wa klabu ya Medicine Hat katika WHL, alitangaza kwamba anakwenda chuo cha Penn State. Vyombo vya habari viliripoti kwamba kifurushi chake kinafikia takribani dola 700,000 kwa mwaka. Zilizomnajisi mwenzake zilikuwa 600 kwa mwezi, na yule wa Fort Erie hakuhitaji hata hizo. Mwezi uliotangulia jaji wa California alikuwa ameidhinisha makubaliano yanayoviruhusu vyuo vigawane na wanamichezo wao mapato ya hadi dola milioni 20.5 kila kimoja kwa mwaka wa kwanza. Chama kilichomlinda kijana asiguse nauli ya basi sasa kimeyaridhia malipo hayo. Vijana walioko Kanada nao wameanza kufanya jambo la aibu ambalo marehemu asingelivumilia: wanalinganisha ofa.

Waliofungiwa kabla ya hapo hawakurudishiwa miaka yao. Kijana aliyeacha ligi za vijana akiwa na miaka 20, miaka miwili kabla ya kura ile, hawezi kuambiwa arudi akaanze. Kwa kumbukumbu hiyo pekee sifa za marehemu zimekamilika.

Neno la mwisho ni kwa wazazi wa Iten, Mbulu na kwingineko kunakotoka wakimbiaji, maana tangu enzi za Henry Rono katika chuo cha Washington State na Suleiman Nyambui katika chuo cha Texas pale El Paso watoto wetu wamekuwa wakipita chini ya kanuni za chama hiki hiki. Marehemu ameacha ndugu. Mmojawapo, kwa miaka mingi, amemkata msimu mwanariadha aliyemaliza sekondari, akakaa zaidi ya mwaka akishindana, ndipo akajiunga na chuo. Mwingine, kwa miaka mingi vilevile, amehesabu fedha za zawadi za mbio za barabarani. Kabla mtoto hajavaa namba kifuani, iandikieni ofisi ya kanuni ya chuo anachokitaka, daini jibu la maandishi, na tunzeni risiti zote, ikiwamo ya chai.