Ndizi Yenye Presha Safi

Saa janja yangu niliinunua Kariakoo kwa bei ya kuku wawili. Ya shemeji ililetwa kutoka Dubai, na bei yake aliigawa kwa mbili kabla ya kumtajia mkewe. Jumapili moja, barazani kwake, ukazuka ubishi: ipi hasa ndiyo janja?

Tukaanza na hatua. Mkewe akavalishwa ya Dubai, akaenda kusonga ugali wa watu wanane. Mimi nikatumwa dukani, nikarudi nasukuma toroli lenye gunia la mkaa, mikono imekamata mpini. Yangu ikanipa hatua za mtoto anayesimama dede. Vifaa hivi husoma mkono unavyotikisika. Miguu havina habari nayo. Hata hizo hatua 10,000 tunazohangaikia kila siku hazikutoka kwa daktari. Zilivumishwa na kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965 kwa jina la namba hiyohiyo.

Huko jikoni, saa ya Dubai ikatetemeka na kuonyesha ujumbe wa aliyeileta: "Kaka, ile laki nne iliyobaki ya saa vipi?" Saa janja hukuletea ujumbe mpaka mkononi, ila haiulizi ni mkono wa nani. Ugali ukasongwa kwa nguvu mpya, na hatua zikapanda.

Baada ya kula, kimyakimya, tukacheza dhumna. Shemeji akalitandika jiwe mezani kwa hasira zake, saa ikamuuliza kama ameanguka na kama ipige simu ya dharura. "Bado," mkewe akajibu. "Ataanguka baadaye."

Yakabaki mapigo ya moyo. Taa ya kijani chini ya saa humulika ngozi, kisha hupima mwanga unaorudi, maana damu hunywa sehemu ya mwanga huo. Tukaivalisha ndizi. Ya Dubai ikasitasita, ikatoa mapigo 64. Yangu haikusita: mapigo 78, presha safi, sukari ya kawaida. Ndizi mbivu, sukari ya kawaida!

Hapo nikaacha kucheka, kwa kuwa wapo wanaoziamini namba hizo. Februari 2024, FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitahadharisha kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayodai kupima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Kama nyumbani kwenu kuna mgonjwa wa kisukari, kile kipimo cha kutoboa kidole kisiondoke mezani.